Re: Kiingilio cha bembea siku za Idd, Malindi

Salama ndugu yangu, umesema ulishusha kiingilio Idd, watu wakajaa, halafu wazazi wakakasirika. Kwanza angalia foleni, bei baadaye. Mtoto mmoja anapanda mara ngapi kwa saa? Mimi hapa Malindi niliwahi kuuza tiketi bila kikomo, watoto wakalia juani wakarudi nyumbani hawajapanda kitu, iliniuma sana wallahi. Sasa nauza tiketi kulingana na viti, zikiisha zimeisha, na asubuhi bei iko chini kuliko jioni ili watu wagawanyike. Hata Disneyland, ule uwanja mkubwa wa michezo ya watoto huko California, Marekani, ilianza 2016 kutoza zaidi siku za msongamano. Tiketi za kila mchezo waliziacha 1982, na mwenye watoto wanne pia anachoka kutoa pesa kila saa, mfanyie bei moja. Na kivuli weka kabla hujapandisha hata shilingi.