Kupigia kura filamu bora za mwaka: pointi, orodha na hesabu yake

Mkuu, umeeleza kwamba kikundi chenu kina wapiga kura kama 40, kwamba mwaka jana kila mtu alizipa filamu nyota 1 hadi 5, mkatafuta wastani, na filamu iliyotazamwa na watu wanne ikazipita zote. Unauliza mfanyeje safari hii. Nimesimamia kura za namna hii kwa muda, na jibu langu ni refu kwa sababu mambo mengi huamuliwa kabla kura ya kwanza haijaingia.

Wastani wa nyota unapima kiasi ambacho walioiona filamu waliipenda, basi. Hauulizi walikuwa wangapi. Wanne wakitoa 5 kila mmoja unapata 5.0, na filamu yenye 4.4 kutoka kwa watu 35 inabaki nyuma. Tena filamu ndogo huwahiwa na wale waliokuwa wakiisubiri kwa hamu, kwa hiyo wastani wake huanzia juu. Mkitaka kubaki na nyota, tumieni fomula iliyopata umaarufu kwenye orodha ya filamu 250 ya IMDb, tovuti ya taarifa za filamu: kila filamu iongezewe kura kadhaa za kubuni, tuseme 10, zenye thamani ya wastani wa filamu zote. Kama wastani huo ni 3.5, filamu ya watu wanne inakuwa (4×5 + 10×3.5) ÷ 14, yaani 3.93. Ile ya watu 35 inakuwa (35×4.4 + 10×3.5) ÷ 45, yaani 4.2. Mambo yanakaa sawa.

Hata hivyo, kwa watu 40 nawashauri muachane na nyota kabisa. Kuna mtu ambaye filamu ya kawaida kwake ni 4, na mwingine ambaye 4 ni ya kutoa mara moja kwa mwaka. Orodha ya filamu 10 kwa mpangilio inawaweka wote kwenye mizani moja.

Sasa pointi. Hapa ndipo mshindi anapopatikana, na ndipo watu wanapopita haraka. Wengi hutoa 10 kwa ya kwanza, 9 kwa ya pili, hadi 1, bila kufikiri zaidi. Chukua mfano huu: Filamu A imo kwenye orodha 30 kati ya 40, kote ikiwa ya sita. Filamu B imo kwenye orodha 12 tu, zote ikiwa ya kwanza. Kwa ngazi ya 10 hadi 1, A inapata 150 na B 120. Kwa ngazi ya Eurovision, shindano la nyimbo la Ulaya (12, 10, 8, 7, 6, 5, 4, 3, 2, 1), A inabaki na 150 na B inapanda hadi 144. Kwa ngazi inayotumiwa tangu 2010 na Formula 1, mashindano ya mbio za magari (25, 18, 15, 12, 10, 8, 6, 4, 2, 1), A ina 240 na B ina 300. Mshindi amegeuka, na hakuna aliyebadili kura yake hata mmoja.

Mimi nachagua ngazi ya Eurovision kwa kikundi cha ukubwa wenu. Inampa uzito yule aliyeweka filamu juu kabisa, lakini watu 12 wenye mapenzi makali hawawezi kuwaburuza wengine 28. Msivutwe na mtindo wa Sight and Sound, jarida la filamu la Uingereza, ambalo tangu 1952 huomba filamu 10 na kuipa kila moja kura moja bila kujali nafasi. Mwaka 2022 walipiga kura wakosoaji zaidi ya 1,600, na kwa idadi hiyo tofauti zinajitokeza zenyewe. Kwa watu 40 mtapata sare kila kona.

Suala la mwaka ndilo huzua ugomvi mkubwa. The Hurt Locker ilionyeshwa kwenye tamasha la Venice Septemba 2008, ikaingia kumbi za Italia Oktoba mwaka huohuo, Marekani ikafika Juni 2009, kisha ikachukua Oscar ya Filamu Bora Machi 2010. Ni ya mwaka gani? Kila jibu lina hoja. Kanuni ninayoiona inasimama vizuri ni hii: mwaka ni ule filamu ilipotoka kwa umma mara ya kwanza popote duniani, ukumbini au mtandaoni, maonyesho ya tamasha yasihesabiwe. Kisha acheni mlango mmoja wazi: filamu iliyotoka kati ya Oktoba na Desemba mwaka uliotangulia, na ikapata kura mbili au pungufu, inaruhusiwa tena. Bila mlango huo, filamu za mwisho wa mwaka hugawanya kura zake pande mbili na kukosa kote.

Andaeni orodha ya filamu zinazostahili, yenye jina, mwongozaji na mwaka, muitoe wiki mbili kabla ya kura. Mabishano yote yaishe humo. Uamuzi unaotolewa katikati ya kura, hata uwe wa haki kiasi gani, utaonekana umelenga filamu fulani. Semeni pia kuhusu filamu fupi (Oscar huhesabu dakika 40 kushuka chini kuwa fupi), filamu za makala (zinazoeleza mambo halisi) na tamthilia za mfululizo.

Kuna watu wataona filamu sita tu mwaka mzima. Wapokeeni, ila wekeni kiwango cha chini: filamu tano. Ukiruhusu orodha ya filamu moja, mjanja ataipa kipenzi chake 12 na kuwanyima wapinzani wake kila kitu. Mwenye tano anatoa 12, 10, 8, 7 na 6, basi. Anayeandika "ya tatu kwa pamoja" rudishiwa orodha yake apange upya.

Kura zitumwe kwa msimamizi faragha, na matokeo ya njiani yasionekane. Watu wakiona filamu fulani inaongoza, wanaacha kupanga wanavyopenda na kuanza kupanga kwa kuizuia au kuisukuma. Mkishafunga, chapisheni orodha zote pamoja na majina ya waliozituma, na wajulishwe hilo mapema. Hakuna dawa nzuri zaidi dhidi ya minong'ono. Akaunti iliyofunguliwa baada ya kura kutangazwa isihesabiwe. Mtu akituma mara mbili, ichukuliwe ya mwisho kabla ya muda.

Kuhesabu: kwenye Excel au Google Sheets, kila filamu ya kila mpiga kura iwe na mstari wake. Watu 40 kwa filamu 10 ni mistari 400. Safu ni mpiga kura, nafasi, filamu, pointi. Fomula ya SUMIF inakupa jumla ya pointi za kila filamu, na COUNTIF inakupa idadi ya orodha ilizomo. Kinachoharibu hesabu ni majina: mmoja ameandika jina la asili, mwingine la tafsiri, wa tatu ameacha nafasi tupu mwishoni, na kompyuta inaona filamu tatu. Tumia TRIM, fomula inayofuta nafasi tupu, au bora zaidi ongeza safu ya namba ya IMDb, ile inayoanza na tt, uhesabu kwa hiyo. Kisha hakiki: orodha kamili ina pointi 58, kwa hiyo orodha 40 kamili lazima zifike 2,320. Ikipungua hata moja, kuna mstari umekosewa, na usitangaze chochote mpaka uupate.

Sare: tazama kwanza filamu ipi imo kwenye orodha nyingi zaidi, halafu ipi ina nafasi za kwanza nyingi. Zikilingana bado, tuseme mbili kwenye nafasi ya nne, zote ni za nne na inayofuata ni ya sita.

Msifunge kura Desemba 31. Filamu za Desemba hazijamfikia kila mtu. Fungueni katikati ya Januari, mfunge baada ya wiki tatu, na muda uandikwe 23:59 GMT, maana ukiandika "saa sita usiku" utaletewa kura za asubuhi yake. Kumbusha siku saba kabla, tena saa 48 kabla. Kura nyingi huingia hapo.

Wakati wa kutangaza, weka idadi ya orodha na nafasi za kwanza kando ya pointi, na chini yake jedwali la pili: pointi kugawanywa kwa idadi ya orodha, kwa filamu zilizo kwenye orodha nne au zaidi. Kwa mfano wetu, A inapata 5 na B inapata 12. Ile filamu yenu ya watu wanne itaonekana humo, pengine juu kabisa, ikiwa na idadi yake ya orodha pembeni.