Kabla hujamtumia msimamizi hesabu ya nishati ya doa la Jua

Umeme ulikuwa umekatika Ng'ong'ona, Dodoma, feni imezima, laptopu imebakiza betri kidogo. Jibu la nishati ya sumaku ya doa la Jua, lile eneo jeusi lenye sumaku kali kwenye uso wa Jua, likatoka, nikalituma hivyohivyo. Msimamizi wangu akarudisha mstari mmoja: "Kijana, kwa nishati hiyo hilo Jua bado lipo?"

Kosa lilikuwa la kitoto. Data za uga wa sumaku huja kwa gausi, fomula yangu ilitaka tesla; vyote ni vipimo vya nguvu ya uga. Gausi 10,000 ndiyo tesla 1, na uga unapigwa kipeo cha pili, kwa hiyo jibu lilivimba mara milioni 100. Anza na karatasi, ndugu yangu. Uga wa wastani wa gausi 500 unabeba takriban juli 1,000 kwa kila mita ya ujazo. Mchemraba wenye upande wa kilomita 30,000 unakupa juli 2.7 × 10²⁵. Kompyuta ikikuletea kitu cha mbali mno na hapo, usiiamini.

Ila hiyo ni jumla, na jumla ndiyo iliyonipotezea miezi miwili. Tunaoishi kwa simtanki tunajua: koki haifungwi chini kabisa, na maji yaliyo chini yake yamo lakini huyachoti. Nishati ya uga uliotulia, usio na mkondo wa umeme ndani yake, ndiyo maji hayo. Mlipuko wa Jua unakula kilicho juu ya koki tu, yaani nishati huru, inayotokana na uga kusokotwa. Kokotoa jumla na ile ya uga uliotulia kwa mipaka ileile, kisha toa ya pili kwenye ya kwanza. Unatoa namba kubwa kwenye namba kubwa, kwa hiyo kosa dogo linameza tofauti yote. Mimi nilipata nishati huru hasi! Maana yake mistari ya uga wangu ilikuwa inaishia hewani, jambo ambalo sumaku haikubali.

Data ninazotumia ni za HMI, kifaa kinachopima sumaku ya uso wa Jua, kwenye SDO, chombo cha NASA cha kulichunguza Jua kilichorushwa Februari 2010. Ramani kila dakika 12. Chagua eneo lililo katikati ya uso wa Jua, ukate fremu pana mpaka sumaku chanya (inayotoka nje ya Jua) na hasi (inayoingia ndani) zikaribie kulingana. Likisogea ukingoni, achana nalo.

Wala usikurupuke kutabiri. Eneo la madoa lenye namba 12192, la Oktoba 2014, kubwa kuliko yote ya mzunguko wa 24 (mzunguko wa Jua wa takriban miaka 11), lililipuka mara 6 kwa daraja la X, lile la milipuko mikali zaidi, bila milipuko hiyo kurusha wingu la plazma, yaani gesi yenye chaji za umeme, angani. Uga mzito wa juu ulilifunika. Siku hizi napima pia uga huo unapungua kwa kasi gani kadiri unavyopanda, ndipo namwandikia msimamizi.