Uza IST, Noah Iache

Wiki hii maswali ni ya magari ya umeme. Wale mnaouliza tu "gari la umeme ni shilingi ngapi?" nimewaweka pembeni. Hata nyumba ni shilingi ngapi?

*Tuna IST ambayo mke wangu anaendea kazini Posta, na Noah ya familia. Tunataka kuuza zote mbili tuhamie kwenye umeme moja kwa moja. Tufanye hivyo? (Baba Wawili, Tegeta)*

Uza moja. IST yenu inakwenda Posta na kurudi, kilomita 50 hivi, njia ileile, kisha inalala nyumbani. Hiyo ndiyo kazi ya gari la umeme. Kwenye foleni ya Mwenge la petroli linachoma mafuta likiwa limesimama. La umeme linalisha AC na redio tu, na ukipunguza mwendo linarudisha chaji kidogo. Kilomita 50 zitakula uniti 9 au 10, pamoja na zinazopotea wakati wa kuchaji. Kwa bei ya T1, kundi la TANESCO la matumizi ya kawaida, shilingi 356 kwa uniti na kodi zake, hiyo ni kama 3,500 kwa siku. IST inayokwenda kilomita 11 kwa lita, ukiweka lita kwa 2,800, inakaribia elfu 13.

Noah iacheni. Nyinyi Disemba lazima muonekane Moshi, kilomita zaidi ya 500, watu saba na mizigo juu. Mtachaji wapi, Korogwe, kwenye soketi ya gesti? Mtafika sikukuu imeisha. Kama safari zenu ndefu ni za Dodoma tu, hapo ningebadili jibu, maana kuna SGR, nayo ni ya umeme.

*Umeme ukikatika je?*

Swali hili naletewa kila wiki. Gari halitumii umeme wa ukutani likiwa barabarani. Linatumia ule uliochaji jana. Na pampu ya sheli unadhani inaendeshwa na nini?

*Naweza kuchaji kwa jenereta?*

Unaweza. Utakuwa umenunua gari la umeme ili uendelee kununua petroli.

*Nimepanga Sinza, wapangaji watatu tunachangia LUKU moja. Nikinunua gari la umeme nitachaji usiku tu. Kuna tatizo? (Dada wa Sinza)*

Lipo, na si la usiku. Kama mita yenu iko D1, kundi la matumizi madogo, lile la uniti 75 kwa mwezi, gari linalotembea kama la Tegeta hapo juu litazimaliza ndani ya siku nane. Mkivuka hivyo kila mwezi, nyumba nzima inaweza kuhamishiwa T1: uniti ya 122 inakuwa 356, na mama wa chumba cha pili mwenye friji moja na taa mbili atakulipia gari. Omba mita yako kwanza, ndipo uangalie magari.

Hukuniuliza waya, lakini nitasema, kwa kuwa hakuna anayeuliza. Gari likichaji kwenye soketi ya kawaida linavuta kama pasi isiyozimwa usiku kucha. Nyumba nyingi za kupanga zina nyaya nyembamba, na ethi, ule waya wa kupeleka umeme ardhini, ipo kwenye maneno ya fundi tu. Usipitishe ekstensheni dirishani! Vuta laini ya peke yake yenye breka yake, na fundi aipime ethi ukiwa umesimama hapo.

*Si bora nifunge gesi tu?*

Kwa Noah ya Tegeta, ndiyo, hata kesho. Gesi ikiisha njiani unarudi kwenye petroli. Ila mtungi utakula buti, na foleni ya kujaza Dar ina tabia zake.

*Nimeona Nissan Leaf ya 2012 kutoka Japani, bei ya kutupa, kilomita chache. Nichukue?*

Kilomita zisikudanganye. Betri ya Leaf haina mfumo wa kuipoza kwa maji, kwa hiyo joto linaichosha hata gari likiwa limeegeshwa, na Dar joto halikosi. Ile ya kilowati-saa 24 hata ikiwa mpya ilikupa kilomita 120 hivi. Angalia vijiti vya afya ya betri kulia kwenye dashibodi: vilikuwa 12. Vikibaki 8 unanunua gari la Mwenge na kurudi, na pesa uliyookoa itasubiri betri. Uliza pia plagi, kwa sababu waya wa kuchajia wa Kijapani hauingii kwenye soketi zetu za pini tatu. Halafu nenda na mtu mwenye kifaa cha kuchomeka chini ya usukani, kinachosoma hali ya betri kwenye simu. Muuzaji akikataa kisichomekwe, mrudishie ufunguo, upande daladala.