Kuteremka kinyumenyume: tatizo ni vifungio au ski yenyewe?

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Calgary, huu ni msimu wangu wa tatu kwenye theluji. Nimenunua ski za mtumba, urefu sentimita 172. Upana wake ni milimita 127 mbele, 84 kiunoni na 108 mkiani. Nikiteremka kawaida, raha tupu. Nikigeuka niende kinyumenyume, mkia unajichimbia na mimi nalala chali. Rafiki yangu anasema nisogeze vifungio, vile vinavyoshika buti kwenye ski, mbele sentimita 6 na shida itaisha. Kweli?

JIBU: Marahaba. Rafiki yako kashika nusu ya jambo, na hiyo nusu ndiyo itakayokuharibia ski.

Chukua futi ya fundi nguo, pima ski yako kutoka ncha hadi mkia, ugawe kwa mbili: 86. Sasa tafuta alama ndogo ubavuni, pale panapokaa katikati ya soli ya buti. Kwa ski za aina yako alama hiyo huwa sentimita 8 hadi 12 nyuma ya katikati. Tuseme ni 10. Basi mbele ya mguu una 96, nyuma una 76. Ukigeuka, ile 76 ndiyo inakuwa omo yako, na nyuma unaburuta tezi ya 96. Ukisogeza 6 unapata 82 kwa 90, karibu sawa. Hapo ndipo rafiki yako aliposimama.

Lakini umbo halikusogea. Pitisha kiganja mkiani: ni bapa, haujakunjwa kwenda juu. Mimi nimekulia pwani, kwa hiyo naliona hivi: dau limechongoka pande zote mbili, jahazi tezi yake imekatwa. Ukilisukuma jahazi kinyumenyume, linabeba maji. Ski yako nayo inabeba theluji, hata ukihamisha kiti cha nahodha.

Kuna na upana. Ile 127 ndiyo inayokuingiza kwenye kona unapoteremka kawaida, na 108 inakuachia utoke. Kinyumenyume mambo yanapinduka: sehemu nyembamba na ngumu ndiyo inatangulia, haitaki kuingia kwenye kona, pana na laini inafuata, haitaki kuachia. Tena ukisogeza buti sentimita 6, pale kiuno kilipo chembamba zaidi panabaki nyuma ya mguu wako. Ukirudi kuteremka kawaida, ski itaingia kwenye kona kabla hujaiamuru, na mkia utakuwa mzito kuuachia. Mimi nilizifanyia hivyo ski zangu, sentimita 5 tu. Kwenye mteremko uliosawazishwa nilijiona fundi kweli. Ikaanguka theluji ya unga, ncha zikazama, nikafuata kichwa kwanza.

Ndiyo maana mwaka 1998 kampuni ya Salomon walipotoa ski iitwayo Teneighty, iliyotokana na maombi ya mwanaski Mike Douglas na vijana wenzake wa Kanada, hawakuhamisha vifungio peke yake. Waliinua mkia pia. Ski za michezo ya kuruka siku hizi zinakaribia ulinganifu pande zote, na buti hukaa sentimita 0 hadi 3 tu nyuma ya katikati. Kama unataka kuchanganya, mbele na nyuma, tafuta yenye mkia ulioinuka na alama kwenye 5 hadi 7 nyuma. Kwako ningechagua hiyo.

Kabla ya kununua, kodi siku moja. Vifungio vya kukodi hukaa kwenye reli. Mwombe fundi wa duka akusogezee 2 mbele, uteremke, kisha akurudishie. Utajua kwa miguu yako, si kwa maneno yangu.

Ukiamua kubaki na hizo ulizonazo, usisogeze vifungio zaidi ya sentimita 1 au 2. Na hapo pana kizuizi cha karakana, maana kuvisogeza ni kutoboa upya: matundu mapya yakikaribiana sana na ya zamani, mbao ya ndani inachoka na skrubu zinang'oka. Mimi nataka angalau sentimita 1 kati ya tundu na tundu, na ya zamani yazibwe kwa vizibo vya plastiki na gundi, maji yasiingie. Kama ndani kuna bati la aluminiamu, keekee ni ya milimita 4.1; kama hakuna, 3.6. Usijitoboe nyumbani.

Kwa sasa, dawa ya bure: sugua makali ya sentimita chache za mwisho mkiani kwa jiwe la kunolea hadi yasikwaruze ukucha. Hautaacha kuchimba, ila hautanasa ghafla. Halafu angalia buti. Zikikuinamisha sana mbele, kinyumenyume uzito wote unabaki kwenye ncha, yaani nyuma ya safari. Legeza kamba ya juu kidogo, simama wima, tazama juu ya bega moja.

Na vifungio vikiguswa kwa namna yoyote, hata sentimita 1, buti ziende nazo dukani wapime upya nguvu ya kuachia, ile inayofanya kifungio kiachie buti ukianguka. Goti haliuzwi mtumbani.