Maswali Yenu ya Biashara: Duka linauza ila hela siioni

SWALI: Habari za kazi dada. Mimi nina hardwea hapa Morogoro, huu mwaka wa tano. Nimemweka mtoto wa dada yangu, ndo anauza, anapokea mzigo, anaandika daftari na funguo za stoo anazo yeye, maana mimi nimeajiriwa nafika dukani jioni tu. Siku hizi mauzo yapo ila nikitaka kuagiza mzigo hela haitoshi. Juzi fundi mmoja mteja wetu wa siku nyingi akaniambia mama mbona tunaambiwa Lipa Namba inasumbua, tutume kwenye simu ya kijana? Nikaenda kuhesabu saruji, daftari linasema mifuko 62, stoo nimekuta 48. Nataka nimkate mshahara wote wa mwezi huu halafu nimfukuze, nifanyeje? Mama J., Morogoro.

JIBU: Pole sana Mama J, najua inavyouma ikitoka kwa damu yako. Ila nakuomba usimfukuze leo. Mifuko 14 inaweza kuwa wizi, inaweza kuwa mkopo wa fundi ambao haukuandikwa, au mzigo ulioshushwa pungufu na yeye akasaini bila kuhesabu, na wewe hadi sasa umehesabu kitu kimoja mara moja. Funga duka Jumapili mhesabu stoo nzima, yeye akiwepo na mtu mwingine wa pembeni, nondo, mabati, misumari, kila kitu, halafu wote msaini. Kuhesabu maana yake ushike kwa mkono, usiangalie kwa macho. Mimi nilikuwa na duka la jumla, maboksi ya mafuta ya kula yamepangwa vizuri mpaka juu nikawa nayaona kila siku nafurahi, siku nimevuta boksi la safu ya nyuma likaja jepesi, tupu, limebandikwa gundi upya. Safu mbili zote hivyo hivyo. Nililia pale pale stoo.

Halafu mwombe yule fundi na wateja wengine wawili watatu wakuonyeshe meseji za malipo, pale kuna jina la aliyepokea, tarehe na saa, uzilinganishe na daftari la siku hiyo. Huo ndo ushahidi wako.

Mshahara usiukate wote. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka hasara iwe imetokana na kosa lake, umwandikie ni hasara ya nini, kiasi gani na umepigaje hesabu, umpe nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya mshahara. Ukitaka kumwachisha, mwite kikao kwa barua, umpe angalau masaa 48 ajiandae, maana ukimtoa kwa hasira ana siku 30 za kupeleka malalamiko CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inayoamua migogoro ya kazi, na wewe ndo utatakiwa uthibitishe kwamba ulikuwa na sababu na ulifuata utaratibu. Undugu haufuti hayo. Na tafadhali usimwite mwizi kwenye grupu la ukoo kabla hujamaliza hesabu.

Sasa kilichokuumiza hasa. Wanasema mali bila daftari hupotea bila habari, wewe daftari unalo lakini liko mkononi mwa anayeuza, ambaye ndo anapokea mzigo, ndo ana funguo, kwa hiyo ni kama huna. Hata ukimleta malaika utamtia majaribuni. Kuanzia wiki hii funguo za stoo zikae kwa mtu asiyeuza, mzigo ukija wahesabu wawili wasaini wote, bandika Lipa Namba kubwa ukutani na jina la duka na maneno USILIPE NAMBA NYINGINE, meseji za malipo ziingie kwenye simu yako, na kila jioni ukifika chagua vitu viwili vitatu uvihesabu bila kumwambia ni vipi.

Na usinikasirikie nikikuuliza, huyu kijana ana mkataba wa maandishi? Mshahara anaupata tarehe inayojulikana au ni mpaka akuombe? Ndugu wengi tunawapa hela ya sabuni tukiita mshahara. Haihalalishi wizi hata kidogo, ila na hilo ulirekebishe.

SWALI: Dada, nina saluni Arusha, laini ya WhatsApp ya wateja aliisajili msichana wangu wa kazi kwa NIDA yake tulipoanza. Sasa anataka kuacha kazi kwa amani tu. Kuna shida?

JIBU: Ipo, kubwa, maana kisheria laini ni yake na wateja wote wako humo. Kesho asubuhi nendeni wote wawili na vitambulisho kwenye duka la mtandao wenu mbadilishe umiliki, kisha badilisha neno la siri la Instagram na la barua pepe iliyofungulia hiyo akaunti. Mlipe haki zake zote kabla hajaondoka, na fanyeni haya wakati bado mnacheka pamoja.