Marekani 107,900, Ulaya 6,400: je, vifo hivi vya dawa vinalinganishika?

Swali: Naandika tasnifu ya afya ya jamii. Mwaka 2022 Marekani ilihesabu vifo vya dawa takriban 107,900, na Umoja wa Ulaya takriban 6,400. Nikigawanya kwa idadi ya watu napata 324 na 14 kwa kila milioni. Naweza kuandika kwamba hali ya Marekani ni mbaya mara 23?

Jibu: Hapana, bado. Jumla hizo mbili zinahesabu vitu tofauti.

Marekani, kupitia CDC (taasisi yake ya taifa ya kudhibiti magonjwa), huchukua kila kifo ambacho sababu yake ya msingi ni sumu ya dawa yoyote. Katika ICD-10 (orodha ya kimataifa ya misimbo ya magonjwa na sababu za vifo) hizo ni X40–X44 (bahati mbaya), X60–X64 (kujiua), X85 (kuuawa) na Y10–Y14 (nia haijulikani). Aliyejiua kwa paracetamol, yaani X60 yenye T39.1 (misimbo ya T hutaja dawa yenyewe), yumo. Ulaya hayumo. Kipimo cha Ulaya, Uteuzi B, kinataka X42, X62 au Y12 ziandamane na T40 (opioidi, kokeini, bangi na jamii yake), na X41, X61 au Y11 ziandamane na T43.6 (vichangamshi kama methamfetamini). Kisha kinaongeza F11, F12, F14–F16 na F19 (matatizo ya akili na tabia yatokanayo na dawa), ambazo hesabu ya CDC haina kabisa.

Kwa hiyo usisawazishe jumla, sawazisha misimbo. Upande wa Marekani fungua CDC WONDER, hifadhidata yao ya mtandaoni, sehemu ya sababu zaidi ya moja za kifo, uchuje sababu ya msingi kwanza, halafu misimbo ya T.

Hapa ndipo wengi huteleza. Tazama cheti kimoja: X44, T40.1, T40.4, T42.4. Ni mtu mmoja mwenye heroini, fentanili na dawa ya usingizi. Ukijumlisha jedwali la dawa moja moja, umemzika mara tatu. Tena, kwa kuwa dawa zake ni za makundi tofauti, kifo kimeangukia X44 (dawa nyingine au zisizotajwa), na ukishika X42 peke yake unampoteza. Ongeza X44, X64 na Y14 zenye T40 au T43.6 pande zote mbili, na ulitaje hilo katika sura ya mbinu. Nchi za Ulaya zinazotoa takwimu za rejista maalumu za polisi au maabara ziweke kando, maana hizo zinafuata Uteuzi D.

Kigawanyo nacho ni mtego. Ulaya huchapisha viwango kwa watu wa miaka 15–64, na hapo 14 yako inakuwa kama 22 bila hata mtu mmoja kuongezeka. Ukichagua umri huo, ondoa pia marehemu wa chini ya miaka 15 na waliozidi 64. Viwango vilivyosawazishwa kwa umri usivinakili: CDC hutumia idadi kigezo ya Marekani ya 2000, Uingereza ile ya Ulaya ya 2013. Kokotoa upya kwa makundi ya miaka mitano, ukitumia kigezo kimoja.

Ukitaka kuingiza England na Wales (Uingereza haimo tena katika Umoja), kumbuka 4,907 yao ya 2022 ni vifo vilivyosajiliwa mwaka huo. Uchunguzi wa coroner (afisa anayechunguza vifo vyenye mashaka) huchukua miezi, hivyo sehemu kubwa ya marehemu hao walifariki kabla. Tena hiyo ni sumu ya dawa zote. Ile ya matumizi mabaya ni ndogo zaidi.

Mwisho pima ubora. Kwa kila nchi tafuta asilimia ya vyeti vyenye T50.9 pekee (dawa haikutajwa) na R99 (sababu haijulikani). Asilimia hiyo ikiwa kubwa, maana yake damu haikupimwa au majibu hayakufika kwenye rejista. Mimi nchi ya namna hiyo naitoa kwenye mchoro na kuiacha kwenye kiambatisho.

Pengo litapungua, halitaisha: T40.4, ambayo zaidi ni fentanili, ilikuwamo katika vifo zaidi ya 73,000 vya Marekani mwaka huo, na karibu vyote vinapita kwenye kichujio cha Ulaya ukishaongeza X44. Ila 6,400 ya Ulaya iandike kama kiwango cha chini, si makadirio ya katikati.