Maswali ya Wasomaji: Mchezaji Akihama Chuo, Atafaa Kule Aendako?

SWALI: Mhariri, pokea salamu zangu. Mpwa wangu anacheza mpira wa kikapu katika chuo kidogo cha Divisheni ya Kwanza, yaani daraja la juu la michezo ya vyuo nchini Marekani. Msimu uliopita aliongoza kwa ufungaji katika timu yake, na amebakiza miaka miwili ya kucheza. Sasa anataka kuingiza jina lake kwenye mfumo wa uhamisho kwa sababu, kama anavyosema, makocha wa chuo kimoja kikubwa wamempelekea ujumbe kupitia watu wa pembeni kwamba wanamhitaji. Baba yake anaona hii ni bahati ya mtende. Mimi nina mashaka, ila siujui mchezo huu kwa undani wa kuweza kubishana nao. Tutajuaje kama atafaa katika timu hiyo mpya?
Mjomba mwenye mashaka

JIBU: Ndugu msomaji, mashaka yako yana msingi, ingawa simwambii mpwa wako asihame. Ninachowasihi ni kwamba kabla ya kulitazama jina la chuo, muulize kinamtafutia kazi gani. Wastani wa pointi haupakiwi kwenye begi. Hutokana na dakika anazocheza, na mara ngapi anapewa mpira, na nani anacheza kando yake, na mambo hayo yote hubaki nyuma siku anapohama.

Inafaa kwanza ukumbuke jinsi mambo yalivyobadilika. Mfumo wa uhamisho wa NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, ambamo jina la mchezaji huingizwa ili makocha wengine waruhusiwe kuzungumza naye, ulianza Oktoba 2018. Wakati huo mchezaji wa mpira wa kikapu aliyehama alilazimika kukaa nje mwaka mzima kabla ya kucheza tena, isipokuwa apewe msamaha maalumu. Mwaka 2021 aliruhusiwa kuhama mara moja bila kukaa nje, na tangu 2024 anaweza kuhama mara nyingi apendavyo mradi masomo yake yawe sawa. Ongeza hapo kwamba tangu Julai 2021 wanamichezo wa vyuo wanaruhusiwa kupata fedha kwa matumizi ya jina na sura zao, na utaona kwa nini kila majira ya kuchipua makocha hujenga timu karibu upya, kama klabu za soka zifanyavyo dirisha la usajili linapofunguliwa. Kocha wa namna hiyo huwa na pengo analotaka kuliziba upesi. Mchezaji akilingana na pengo hilo, anang'ara. Asipolingana, anakaa benchi akiwa na kipaji kilekile alichokuja nacho.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa mchezaji wa kike Hailey Van Lith, kwa sababu mchezaji yuleyule alipimwa katika timu tatu ndani ya miaka mitatu. Akiwa chuo cha Louisville msimu wa 2022-23 alikuwa na wastani wa pointi 19.7 kwa mchezo. Akahamia LSU (Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana), iliyokuwa imetoka kutwaa ubingwa wa taifa, yenye wafungaji wengi, ambako alipewa jukumu la kuchezesha timu badala ya kufunga kwanza kama alivyozoea. Wastani wake ukashuka hadi 11.6, na maneno ya watu yakawa mengi. Mwaka uliofuata akahamia TCU, chuo ambacho hakikuwa na sifa kama ya LSU. Huko mpira uliwekwa mikononi mwake, akapewa mwenzake mrefu wa kumwekea skrini, yaani kumzuia mkabaji kwa mwili, na kuelekea kikapuni, akafunga wastani wa pointi 17.9, akachaguliwa mchezaji bora wa ligi ya Big 12, na TCU ikafika robo fainali ya taifa kwa mara ya kwanza katika historia yake. Msichana huyu hakusahau kucheza alipokuwa LSU, wala hakufundishwa upya alipofika TCU.

Mfano wa pili unatoka karibu na kwetu. Oscar Tshiebwe, mzaliwa wa Lubumbashi, aliondoka chuo cha West Virginia katikati ya msimu wa 2020-21 akiwa na wastani wa ribaundi 7.8 kwa mchezo, yaani mipira anayoidaka baada ya mtupo kukosa. Huko alikuwa akigawana eneo la chini ya kikapu na mchezaji mwingine mkubwa wa mwili, na eneo hilo ni dogo, halina nafasi ya mafahali wawili. Kentucky ikamwachia eneo lote. Msimu wa 2021-22 akaokota wastani wa ribaundi 15.1 na akatajwa kuwa mchezaji bora wa mwaka nchini Marekani. Ribaundi karibu mara mbili! Bila shaka muda uliopita kati ya misimu hiyo ulimkomaza, lakini sioni namna ambavyo angezifikia zote hizo akiwa bado anagombea mpira mmoja na mwenzake wa jezi ile ile.

Sasa turudi kwa mpwa wako. Naomba mfanye zoezi moja ambalo halihitaji utaalamu wowote. Chukueni video za mechi zake tano za msimu uliopita, mketi na daftari, na kila anapofunga mwandike amefungaje: amedunda mpira mwenyewe akamchenga mtu, au amepokea pasi akiwa amesimama na kurusha papo hapo? Katika timu ndogo mfungaji bora hupata pointi nyingi kwa njia ya kwanza, kwa sababu hakuna mwingine wa kupewa mpira. Timu kubwa tayari ina mtu wa kudunda mpira, na mgeni huambiwa asimame kwenye kona, nyuma ya mstari wa pointi tatu, angoje. Hapo ndipo mambo huamuliwa. Mtazame mkabaji wake: akijua kwamba huyu wa konani harushi vizuri akiwa amesimama, atasogea hatua mbili ndani, aweke mguu mmoja kwenye eneo la rangi, lile lililo chini ya kikapu, na kumzibia njia mchezaji nyota wa timu yenu. Kocha akiliona hilo mara tatu au nne, anamwita mtu mwingine kutoka benchi, na hakuna atakayemchukia mpwa wako wala kumwonea. Mpangilio wa uwanja tu ndio umemkataa.

Ikiwa daftari litaonyesha kwamba mitupo yake ya kusimama ni michache, lakini mingi inaingia, basi ana silaha ambayo timu yake ya sasa haijaitumia, na hiyo ni habari njema kwa anayetaka kuhama. Ikiwa mingi inakosa, afadhali atafute timu iliyopoteza mchezeshaji wake na inayotaka mtu wa kushika mpira, hata kama jina lake halitangazwi kwenye televisheni kila wiki.

Pia muulizeni kocha bila haya: nani anaondoka, nani anabaki, na nani mwingine mnamtafuta kwa nafasi hii hii? Jibu la swali la tatu ndilo lenye uzito, kwa sababu kocha anaweza kumsajili mpwa wako wiki hii na wiki ijayo akasajili mwingine wa nafasi ile ile. Akijibu kwa majina na dakika, anastahili kusikilizwa. Akijibu kwa kueleza ukubwa wa uwanja na uzuri wa chumba cha kubadilishia nguo, mmeshajibiwa.

Sitaki uelewe kwamba kupungukiwa pointi ni kushindwa. Tristen Newton alikuwa mfungaji mkuu wa chuo cha East Carolina kabla ya kuhamia UConn (Chuo Kikuu cha Connecticut) mwaka 2022, na msimu wake wa kwanza huko wastani wake ulishuka hadi takriban pointi 10. Alikubali, akagawa mpira, timu ikatwaa ubingwa wa 2023. Msimu uliofuata jukumu lake lilipanuka, wakatwaa tena ubingwa, naye akatangazwa mchezaji bora wa hatua ya mwisho ya mashindano. Swali la kumuuliza mpwa wako, akiwa peke yake na bila baba yake kusikiliza, ni kama anaweza kuishi mwaka mmoja wa namna ile ya kwanza.

Neno moja kuhusu hao watu wa pembeni. Kanuni za NCAA haziruhusu makocha wa chuo kingine kuzungumza na mchezaji, wala kumtumia mjumbe, kabla jina lake halijaingizwa kwenye mfumo. Jambo hili hutendeka sana, najua, lakini ahadi iliyoletwa na mjumbe haina mwenyewe siku inapovunjwa. Jina likishaingia, chuo alichopo kina haki ya kusitisha udhamini wake mwishoni mwa muhula, na hakilazimiki kumrudishia nafasi yake akibadili mawazo. Kwa hiyo asiingize jina kwa sababu ya ujumbe wa simu peke yake.

SWALI: Binti yangu yuko Marekani kwa viza ya mwanafunzi, na chuo kinachotaka kumsajili kimemtajia fedha nyingi kuliko vingine. Je, fedha zisiwe kigezo cha kwanza, kwa kuwa miaka ya kucheza ni michache?
Mama wa mchezaji

JIBU: Mama, sitakwambia fedha si kitu. Tangu Julai 2025, baada ya mahakama kuidhinisha mapatano ya kesi iliyojulikana kama House, vyuo vinavyoshiriki vinaruhusiwa kuwalipa wanamichezo moja kwa moja, kwa kikomo cha takriban dola milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza. Kikomo hicho ni cha wanamichezo wa chuo kizima, na sehemu kubwa kwa kawaida huelekezwa kwenye soka ya Kimarekani na mpira wa kikapu wa wanaume, kwa hiyo kiasi alichotajiwa binti yako kikiwa kikubwa mno ombeni kiandikwe kwenye mkataba, pamoja na masharti ya akiumia au akiondoka.

Hata hivyo, kwake yeye suala la viza linatangulia. Viza ya F-1, yaani hiyo ya mwanafunzi, inabana sana kazi ambayo mwanafunzi wa kigeni anaweza kulipwa akiwa ndani ya Marekani, na tangazo la biashara au kusaini picha kwa malipo kunaweza kuhesabiwa kuwa kazi. Tshiebwe niliyemtaja hapo juu alikuwa na tatizo hili hili, na alifanya shughuli zake za matangazo Kentucky ilipokwenda Bahamas kwa ziara ya michezo mwaka 2022, yaani nje ya mipaka ya Marekani. Mchezaji wa kigeni akipewa ahadi sawa na ya mzawa, huenda zisiwe na thamani sawa mkononi. Kabla ya kusaini chochote, binti yako amwone ofisa wa wanafunzi wa kigeni wa chuo alichopo pamoja na mwanasheria wa uhamiaji, kwani kocha hana mamlaka juu ya jambo hilo hata akiapa. Ofisa huyo huyo ndiye atakayehamisha kumbukumbu zake za viza kwenda chuo kipya, ambacho nacho kitatoa fomu mpya ya I-20, inayothibitisha usajili wake kwa ajili ya viza. Asisafiri kurudi nyumbani kwa likizo katikati ya shughuli hiyo kabla ya kumuuliza.

SWALI: Mimi ni mchezaji na ninatarajia kuhama kabla ya mwaka wangu wa tatu. Kocha wa chuo kipya ameniambia masomo yangu yote yatapokelewa. Kuna jambo jingine la kuuliza?
Mwanafunzi wa mwaka wa pili

JIBU: Lipo, na ni kubwa. Kupokelewa kwa masomo na kuhesabiwa kwenye shahada ni vitu viwili tofauti. Ili acheze katika mwaka wake wa tatu, mchezaji wa Divisheni ya Kwanza anatakiwa awe amekamilisha asilimia 40 ya masomo ya shahada anayoisomea. Mwaka wa nne ni asilimia 60, na wa tano 80. Chuo kipya kinaweza kupokea masomo yako yote kwenye rekodi, kisha idara yako ikasema nusu yake hayahusiani na shahada yake. Mchezaji wa hali hiyo hujikuta akifanya mazoezi na wenzake wiki nzima na kukaa benchi akiwa amevaa suti siku ya mechi, au akilazimika kuhamia shahada asiyoitaka kwa sababu ndiyo pekee inayokubali hesabu yake.

Omba tathmini hiyo kwa maandishi kutoka kwa msajili wa masomo, ikitaja shahada unayoitaka kwa jina, kabla hujasaini. Uliza pia kocha amebakiza miaka mingapi kwenye mkataba wake. Mchezaji Walter Clayton Jr. alipokuwa chuo cha Iona, kocha wake Rick Pitino aliondoka mwaka 2023 kwenda St. John's, naye Clayton hakumfuata. Alihamia Florida, jimbo alikozaliwa. Aprili 2025 aliiongoza Florida kutwaa ubingwa kwa kuifunga Houston 65-63. Kipindi cha kwanza cha fainali hiyo hakufunga hata pointi moja. Sekunde za mwisho, mchezaji wa Houston aliporuka arushe mtupo wa pointi tatu, Clayton alimvamia kwa kasi kiasi kwamba yule hakuweza kurusha. Mchezaji huyo wa Houston aliuachia mpira udunde mbele yake, na kwa kuwa alikuwa amesharuka hakuruhusiwa kuwa wa kwanza kuugusa tena, hadi mchezaji mwingine wa Florida alipoudaka. Unapozungumza na kocha wako mtarajiwa, mwombe akuonyeshe kwenye video kitu kama hicho: anatazamia ufanye nini siku ambayo mpira hauingii.